Gari Lililomkanda Mama Mkwe

Kwa kuwa yule rafiki yangu ameshasambaza toleo lake la kisa cha gari langu na mama mkwe, acheni niseme mwenyewe kabla habari hazijafika kwa wazee.

Gari hili la kisasa halina kitufe cha maana ndani. Kuna usukani na skrini kubwa ya kugusa, basi. Unataka feni? Skrini. Kusogeza vioo vya pembeni? Skrini. Siku ya kulichukua nilichekelea.

Sasa mvua inanyesha, mama mkwe yuko kando yangu, mkoba mapajani, amekaa wima. Rafiki yuko nyuma. Kioo cha mbele kikaanza kushika ukungu. Kwenye gari langu la zamani ningezungusha ile swichi macho yakiwa barabarani, vidole vilikuwa vinaijua njia. Hapa nikagusa alama ya feni, ukafunguka ukurasa mzima: mchoro wa mtu ameketi, mishale kila upande. Nikanyoosha kidole kwenye mshale wa kioo. Gari likaingia shimoni. Kidole kikaruka, kikatua kwenye picha ya kiti cha abiria. Vimistari vitatu vyekundu vya joto la kiti vikawaka.

Mama mkwe akajisogeza. Kimya. Akajisogeza tena.

"Baba, hapa chini kuna moto?"

"Hapana mama, ni... ni hali ya hewa."

(Wewe unayecheka, ungejibu nini?)

Nikakimbilia kuzima. Kumbe mkono umelowa, nilikuwa nimeteremsha dirisha nipanguse kioo cha pembeni. Skrini hizi husoma umeme wa kidole, tone la maji likikaa hapo zinachanganyikiwa. Naigusa "zima", yenyewe imesikia "masaji".

Kikaanza kiunoni, taratibu. Vrrr. Kikapanda mgongoni. Vrrr. Kikafika mabegani, kikatua, kikashuka tena kwa raha zake. Mama wa watu ameshika mkoba kwa mikono miwili, anatazama mbele, midomo inasali, na sauti ya sala inatetemeka kwa kufuata kiti. Mimi nasema "samahani mama, samahani mama" huku nadonoa skrini kama kuku. Nyuma rafiki ameuma kola ya shati. Na ukungu? Uko palepale.

Najua mtaniambia nijifunze gari langu. Haya: mwaka 2022 jarida la magari la Sweden, Vi Bilägare, liliwapa madereva muda wa kuzoea magari kwanza, kisha likawapima kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa. Kazi zenyewe zilikuwa pamoja na kuwasha joto la kiti na kuondoa ukungu! Kwenye Volvo ya 2005, yenye vitufe, zote zilikwisha kwa sekunde 10. Gari la skrini lililoshika mkia lilihitaji karibu 45. Na hao hawakuwa na mama mkwe kando. Wapima usalama wa Ulaya, Euro NCAP, nao kuanzia 2026 wanataka indiketa, honi, waipa na hazadi ziwe na vitufe vyake, la sivyo gari linapoteza pointi. Masaji hawakuitaja.

Basi nikaegesha, rafiki akazima, tukafika, chai ikanywewa, hakuna aliyesema neno.

Jioni mke wangu akaniletea salamu kutoka kwa mama yake: "Mwambie mwenzio gari lake zuri, ila lina mazoea."