Refa wa mpira wa Kigaeli anabebeshwa lawama za mezani

Watu wa Louth, kaunti ya Ireland, wana sababu ya kutotaka kusikia habari za busara ya refa, yaani kumwachia apime mwenyewe kila tukio. Katika fainali ya Leinster ya 2010 waliongoza kwa pointi moja dakika za nyongeza zikiyoyoma, na ubingwa huo wa jimbo hawakuwa wameushika tangu 1957. Joe Sheridan wa Meath, kaunti jirani, akauvusha mpira mstari wa goli kwa mikono. Refa Martin Sludden akakubali goli, ambalo kwa Wagaeli ni pointi tatu, na Meath wakaondoka na kombe. Sludden alikiri baadaye kwamba alikosea, ila kanuni za GAA, chama kinachosimamia mchezo huu, hazikuruhusu kuamuru mechi irudiwe. Meath pekee ndio wangeweza kujitolea kurudiana, nao hawakujitolea. Louth walikaa hadi 2025 ndipo wakalitwaa kombe hilo, tena kwa kuwafunga Meath hao hao.

Kwa hiyo kocha anapodai marefa wawe na msimamo mmoja, tusimwone mlalamishi. Wachezaji wa kaunti hawalipwi mshahara. Wanafanya mazoezi mwaka mzima baada ya kazi zao, na msimu wao unaweza kukatika kwa filimbi moja. Wanastahili kujua kosa fulani linazaa adhabu gani, iwe wako uwanja wa Castlebar au Croke Park, uwanja mkuu wa mchezo huu. Hoja hiyo naikubali yote. Kinachonisumbua ni anayenyooshewa kidole.

Tazama sheria ya hatua nne. Mchezaji aliyeshika mpira haruhusiwi kuzidisha hatua nne bila kuudunda au kuupiga kwa mguu na kuudaka tena. Imeandikwa wazi, na kila wikiendi inavunjwa mara nyingi mno. Refa anapeta. Anapeta kwa sababu mtu anayekimbia kasi huku mabeki wawili wakimvuta jezi anakanyaga ya tano na ya sita akijitahidi kusimama wima tu, na filimbi wakati huo ingemzawadia aliyemvuta. Kwenye kukabana ni vivyo hivyo. Kanuni inaruhusu bega kwa bega, lakini bega lililoteleza likagusa kifua siku ya mvua haliwezi kuhukumiwa sawa na bega lililokusudiwa kuvunja mbavu. Refa asiyetofautisha hayo mawili atakuwa na msimamo mmoja, naam, na atakuwa dhalimu.

Jaribio la kumnyang'anya uamuzi limeshafanywa. Mwaka 2013 Seán Cavanagh wa Tyrone alimbwaga Conor McManus wa Monaghan aliyekuwa anakwenda kufunga, na akapewa kadi ya njano tu, maana sheria ya siku hizo haikuwa na adhabu kubwa zaidi kwa faulo ya namna ile. Mwaka uliofuata kadi nyeusi ikaanza kutumika, ikiwa na orodha ya makosa: kumwangusha mtu, kumtega mguu, kumgonga makusudi ili kumtoa kwenye mchezo unaoendelea. Mwanzoni aliyeipata alitolewa na kubadilishwa. Tangu 2020 anakaa nje dakika kumi. Niliiunga mkono na bado naiunga mkono. Ila orodha hiyo inadai kosa liwe la makusudi, na makusudi hayapimwi kwa futi. Mtu mmoja lazima aamue kilichokuwa kichwani mwa mwingine, kwa sekunde mbili, huku uwanja mzima ukimzomea. Mageuzi ya kamati ya Jim Gavin, iliyopitia upya sheria za mchezo, yalikuwa na akili zaidi: mwaka 2025 muda ulitolewa mikononi mwa refa ukapewa saa ya uwanjani na honi. Dakika zinahesabika, hivyo hazikuhitaji hekima yake.

Sasa twende mezani, yaani kwenye kamati za nidhamu, kwa sababu huko ndiko tofauti kubwa zinakozaliwa. Kadi nyekundu ya mechi kubwa hupita kwa kamati inayopendekeza adhabu, kisha kamati ya kusikiliza, kisha kamati ya rufaa, kisha baraza la usuluhishi, DRA, lililoundwa 2005. Agosti 2015 Diarmuid Connolly wa Dublin alionyeshwa nyekundu kwa kumpiga Lee Keegan wa Mayo katika nusu fainali iliyoisha sare. Alikata rufaa ngazi baada ya ngazi na kushindwa, hadi DRA, usiku wa manane wa kuamkia siku ya marudiano, ikamwachia kwa kura mbili dhidi ya moja. Mzozo ulikuwa juu ya utaratibu wa kesi. Dublin wakashinda marudiano, kisha ubingwa wa Ireland.

Miaka miwili baadaye mtu huyo huyo alimwekea mkono mshika kibendera katika mechi dhidi ya Carlow. Picha za televisheni zikasambaa, kamati ikafungua faili, naye akafungiwa wiki 12, kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye kanuni. Hapakuwa na nafasi ya kupima uzito wa mkono ule. Waliolilia msimamo mmoja waliupata kwa ukamilifu, na Gavin, aliyekuwa kocha wa Dublin wakati huo, alikasirishwa na jinsi jambo hilo lilivyokuzwa hadi akagoma kuhojiwa na baadhi ya vyombo vya habari. Ziweke kesi hizo mbili pamoja: ngumi ikapita, mkono wa hasira ukalipiwa majira karibu yote. Hakuna refa aliyepanga matokeo hayo. Yamepangwa na kalenda na makaratasi.

Nakubali kwamba rufaa huokoa wasio na hatia. Seán Kelly, nahodha wa Galway, alitolewa pamoja na nahodha wa Armagh baada ya vurugu za robo fainali ya 2022, mmoja huku mmoja kule, na kwa macho ya wengi Kelly alikuwa anaamua ugomvi. Kadi yake ikafutwa, sawasawa kabisa. Lakini hata pale, ile hamu ya kugawa adhabu pande zote mbili kwa usawa ndiyo iliyozaa dhuluma.

DRA huchapisha maamuzi yake pamoja na sababu. Kamati za chini yake zingelazimishwa kufanya hivyo kabla ya mechi inayofuata, refa angejua wapi alikosea na wapi aliangushwa na karani, na beki wa klabu ya kijijini asiye na wakili angejua kama naye angeweza kuachiwa. Kwa sasa anatumikia adhabu yake yote, kwa kosa ambalo nyota wa kaunti angelipigania hadi saa nane za usiku.