Ficha Jina Lako, Usifiche Darasa Lako

Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu anayefundisha kaunti ya Siaya alinitumia rasimu ya makala aliyokusudia kuiwasilisha katika kongamano la kimataifa la elimu ya kompyuta, akaniomba niipitie kabla hajaituma. Nimewahi kuketi nyuma ya darasa lake. Ninajua kwamba wanafunzi wake hutumia kompyuta moja watatu watatu, kwamba umeme ukipotea huendelea kuandika programu kwa penseli daftarini, na kwamba anapoeleza maana ya kigeu, yaani kile kisanduku chenye jina ambamo programu huweka thamani, huanza kwa Kiingereza, akapitia Kiswahili, akamalizia kwa Dholuo. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwamo katika rasimu. Kilichokuwamo ni kundi la wanafunzi wa sekondari ambalo lingeweza kuwa la nchi yoyote ile.

Alinieleza kwamba aliyaondoa kwa sababu kanuni zinataka mwandishi asitambulike. Nilimwelewa, maana makala yangu ya kwanza ilikataliwa kwa kosa hilohilo: mhakiki mmoja alitaka kujua matokeo yangu yalipatikana katika mazingira gani, nami nilikuwa nimeyafuta mazingira hayo kwa mkono wangu mwenyewe, nikidhani ninatii kanuni.

Kanuni yenyewe ni nyepesi kuliko tunavyoiogopa. Katika uhakiki wa aina hii mhakiki hamjui mwandishi wala mwandishi hamjui mhakiki, kwa hiyo unaondoa jina lako, jina la shule au chuo chako, shukrani na majina ya wafadhili. Kazi zako za awali unazirejelea kana kwamba ziliandikwa na mtu mwingine. Na unakagua faili lenyewe, kwa sababu mara nyingi kompyuta huhifadhi humo jina la aliyeliandika. Lakini ukisema kwamba utafiti ulifanyika katika shule ya kutwa magharibi mwa Kenya, ukataja idadi ya wanafunzi, lugha zao na hali ya mashine zao, hujamtaja mtu yeyote.

Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu mazingira yetu ndiyo mchango wetu. Kongamano kuu la SIGCSE, ambalo ni kundi la elimu ya kompyuta ndani ya ACM, chama cha kimataifa cha wataalamu wa kompyuta, lilianza Houston mwaka 1970 na limeendelea kufanyika Amerika Kaskazini. Lile la CompEd, lililoanzishwa ili kuyafikia maeneo mengine, lilianza Chengdu, China, mwaka 2019, likaenda Hyderabad, India, mwaka 2023, kisha Gaborone, Botswana, mwaka 2025. Gaborone! Mlango umesogea karibu nasi, na ingekuwa hasara kubwa tukiingia tukiwa tumejivua kila kinachotutambulisha.

Fikiria wale wanafunzi watatu. Yameandikwa mengi kuhusu wanafunzi wawili wanaoshirikiana kwenye mashine moja, mmoja akiandika na mwenzake akimwongoza, kisha wakibadilishana zamu. Wa tatu anafanya nini? Katika darasa la Siaya nilimwona akiandika daftarini kila kosa lililojitokeza na jinsi lilivyorekebishwa, na umeme ulipopotea daftari lake ndilo lililowaokoa wenzake. Zaidi ya hayo, mtahiniwa wa somo la kompyuta katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, hudaiwa mradi wake binafsi, ingawa ameufanyia kazi kwenye mashine aliyogawana na wengine wawili. Hilo ni swali la utafiti lenye uzito, nasi tunaliishi kila muhula.

Wala si lazima kila makala ivishwe vazi la jaribio la kisayansi. Kongamano la SIGCSE lina fungu maalumu la ripoti za uzoefu wa kufundisha, na ninaamini walimu wengi wa huku wangeanzia hapo, mradi waeleze kwa uaminifu walichofanya, kilichofaulu na kilichoshindikana.

Idhini ni jambo la kushughulikia mapema. Ukikusanya data kwa ajili ya utafiti, kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi nchini Kenya, hutangulia, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hudai ridhaa ya mzazi au mlezi kwa data za mtoto. Kuhusu saa ya mwisho, makongamano mengi huihesabu kwa sehemu ya dunia inayochelewa kuliko zote kumaliza siku, hivyo usiku wa manane wao hutufikia sisi yapata saa tisa alasiri ya siku inayofuata.

Mwenzangu aliirudia rasimu yake. Makala ilipozidi kurasa sita zinazoruhusiwa, alikata aya mbili za utangulizi zilizohusu umuhimu wa teknolojia ulimwenguni, akalibakiza daftari la mwanafunzi wa tatu.