Riwaya ya Upelelezi Isiyotaka Nishuku Mtu

Juzi barazani, hapa Mji wa Kale, Mombasa, nililaumiwa mbele ya watu kwamba sina subira ya kusoma, kwa kuwa nimeiachia katikati riwaya ya Mswidi Stieg Larsson, The Girl with the Dragon Tattoo. Aliyenilaumu ndiye aliyeniazima kitabu, mtu mzima ninayemheshimu, naye aliongeza kwa upole wa kuudhi: "Mwanangu, ungevumilia kidogo tu, mbele kunachangamka."

Hilo "mbele" ndilo lililonipandisha hamaki. Riwaya ya upelelezi haina haki ya kumwomba msomaji uvumilivu, kwa sababu kazi yake ni kumfanya ashuku: akiona kikombe mezani, ajiulize nani alikinywea, akisikia mlango, ajiulize nani ametoka. Larsson ananieleza kompyuta ya huyu, mkate wa yule, kahawa inayopikwa asubuhi, adhuhuri na usiku, na mikasa ya fedha ya tajiri Wennerström, yote kwa uzito uleule, hata nikaacha kushuku chochote. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla ya mwaka 1960, mpelelezi Bwana Msa hukaa na kiko chake akizungumza kana kwamba hana haraka, lakini ole wako ulipuuze neno moja la mazungumzo hayo! Mpelelezi Joram Kiango wa mwandishi Ben Mtobwa naye hakuwahi kunisinzisha.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba fumbo lenyewe ni zuri. Mwaka 1966, siku msichana Harriet Vanger alipotoweka, ajali ya lori la mafuta ilikuwa imeliziba daraja la kisiwa, basi aliyemdhuru alitoka wapi? Sisi wa kisiwani, tunaojua adha ya kivuko cha Likoni kinapokwama, tungelifurahia fumbo hilo kuliko Waswidi wenyewe. Nakiri pia, shingo upande, kwamba Lisbeth Salander, yule mdukuzi wa kompyuta, ni mhusika aliyeumbwa akaumbika. Lakini mpaka akutane na mwanahabari Blomkvist, zaidi ya nusu ya kitabu imekwisha kwenda zake.

Larsson alifariki dunia mwaka 2004, kitabu kikatoka mwaka uliofuata, nami simsemi marehemu, nawasema wanaokisifu. Wengine hunitajia mamilioni ya nakala zilizouzwa, kana kwamba shubiri haiuzwi.

Kitabu nimekirudisha kikiwa salama, bila ukurasa uliokunjwa. Nilimwomba mwenyewe anisimulie basi kwa maneno mawili kilichompata Harriet, akakataa katakata, eti ataniharibia utamu. Utamu upi?