Mvua ya Shakespeare Ilikuwa Mvua Kweli

Shuleni tulifundishwa kwamba dhoruba katika King Lear, tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfalme mzee, ni ishara ya machafuko ndani ya kichwa cha yule mzee. Ukiandika hivyo kwenye mtihani, unapata alama zako. Niliandika, nikapata. Leo naona tulipunjwa.

Hebu lione kwanza jumba lenyewe. Globe, jumba la maonyesho ya michezo yake, lililojengwa London mwaka 1599, lilikuwa wazi katikati, na michezo ilianza alasiri, jua likiwa bado juu, kama lipo. Aliyelipa peni moja alisimama uani bila kitu chochote juu ya kichwa chake. Jukwaa lilikuwa na paa, na paa hilo wenyewe waliliita mbingu. Sasa ifikirie siku ya mvua. Mwigizaji anayepiga kelele kwamba amelowa yuko mkavu chini ya mbingu ya mbao, na wanaotota ni watazamaji. Katikati ya dhoruba hiyo Lear anawakumbuka masikini wasio na nyumba, wenye matambara na matumbo matupu. Anajiuliza wao watajikinga na nini, kisha anakiri kwamba alipokuwa mfalme hakuwajali vya kutosha. Niambie, hapo ishara ya nini? Maneno yale waliambiwa watu waliosimama palepale uani.

Ngurumo zilipatikana kwa kupiga ngoma na kubiringisha tufe la chuma la mzinga, na umeme kwa fataki. Ben Jonson, mwandishi mwenzake wa tamthilia, aliubeza ufundi huo katika utangulizi wa tamthilia yake mojawapo, akijigamba kwamba kwake hutasikia tufe likibiringishwa ili ujue kumenguruma. Nahisi palikuwa na kijiwivu hapo. Ingawa mizinga nayo haikuwa ya kuchezea: tarehe 29 Juni 1613 mmoja ulifyatuliwa katikati ya mchezo wa Henry VIII, cheche zikashika paa lao la nyasi, Globe yote ikateketea.

Lakini ushahidi ninaoupenda zaidi hauko kwenye dhoruba. Uko katika A Midsummer Night's Dream, mchezo ambao wengi wanaukumbuka kwa mapenzi na yule fundi mwenye kichwa cha punda. Titania, malkia wa viumbe wa msituni, amegombana na mumewe Oberon, na analalamika juu ya matokeo yake: mito imefurika, ng'ombe wamevuta jembe bure, jasho la mkulima limepotea, nafaka imeoza ingali changa kabla hata ya kuota ndevu, mazizi yamebaki matupu na kunguru wananenepa kwa mizoga. Majira yamebadilishana nguo, hakuna ajuaye tena lipi ni lipi. Ukimwondoa Oberon, hayo ni mazungumzo ya mkulima yeyote kibarazani mwaka mvua zilipoharibika. Mchezo uliandikwa yapata 1595 au 1596, na Uingereza iliharibikiwa na mavuno mfululizo kuanzia 1594 hadi 1597. Nafaka ilipanda bei, watu wakalala njaa. Waliomsikiliza Titania hawakuhitaji mwalimu wa kuwafafanulia.

Hata matajiri wa Shakespeare wanaishi kwa kutazama anga. Katika mchezo ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri kuwa Mabepari wa Venisi, rafiki wa mfanyabiashara anasema angekuwa na mali baharini, kila akipuliza mchuzi wake upoe angeingiwa na homa akifikiria upepo mkali unavyoweza kufanya. Mwenye jahazi anamwelewa bila kamusi.

Nisimfanye Shakespeare mtakatifu, hata hivyo. Februari 1598, wakati wa uhaba huohuo, maofisa wa mji wake wa Stratford waliorodhesha nani ameweka akiba ya kimea. Jina lake limo: takribani lita 2,800. Miaka kama kumi baadaye, baada ya wakulima wa katikati mwa Uingereza kuasi mwaka 1607, akaandika tamthilia ya Coriolanus, inayofunguka kwa wananchi wenye njaa na marungu mkononi, wakilalamika kwamba wakubwa wanawaacha wafe huku maghala yamejaa nafaka. Kila nikifika kwenye mistari hiyo nakikumbuka kile kimea.