Mimea ya Ndani Katika Nyumba Zenye Paka

Nyumba nyingi za Unguja haziishi bila paka, awe wa kufugwa au wa mtaani aliyezoea kuingia jikoni samaki wanapoparwa, na siku hizi sebule nyingi zimejaa pia vyungu vya mimea. Kwa maoni yangu, kabla ya kuuliza kama mmea unapendeza, mwenye paka anapaswa kuuliza utamfanya nini paka akiutafuna.

Yeyote aliyewahi kumenya majimbi mabichi anaujua muwasho wake. Muwasho huo hutokana na vijisindano vya kalsiamu oksaleti, na jamii hiyohiyo ya majimbi ndiyo iliyotoa mimea mingi inayouzwa sana leo, ikiwemo monstera, filodendroni na difenbakia. Paka akitafuna jani lake, vijisindano humchoma ulimi na koo, akatokwa na udenda, akajikwaruza mdomo kwa makucha na pengine akatapika. Kwa kawaida hafi, lakini huteseka sana. Inasikitisha kwamba zamiokulkasi, mmea wa Afrika Mashariki wenye majani mazito yanayong'aa, unaouzwa ughaibuni kama kito cha Zanzibar, nao ni wa jamii hiyo.

Hata hivyo, hakuna ua ninaloliogopa kama lili ya mashada ya harusi (sisemi yungiyungi wa majini). Chavua yake ikidondokea manyoya na paka akajilamba, au akinywa maji ya chombo chake, figo zinaweza kuharibika na akafa katika siku chache. Matibabu yanapaswa kuanza mapema, kabla ya saa 18 kupita, na katika visiwa vyetu, ambako daktari wa mifugo huitwa zaidi kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi, kumpata usiku wa manane, hasa kwa aliye shamba, ni jambo gumu. Kwa hiyo sioni sababu yoyote ya kuliingiza ua hilo katika nyumba yenye paka. Mshubiri nao, pamoja na sifa zake zote za dawa, humtapisha na kumharisha. Wapo wanaoshauri chungu kiwekwe juu ya kabati. Ushauri huo ni dhaifu, kwani paka hupanda popote.

Mimea salama tunayo, tena mingi tumeirithi. Asumini, mrehani na waridi, vinavyotiwa katika vikuba vya wanawake wetu, havina sumu kwa paka, na vyote hukubali chungu penye jua la kutosha uani au barazani. Kwa chumba chenye kivuli, kangaga la Boston linafaa, na vilevile saintpaulia, ua dogo la zambarau la milima ya Usambara, lililoelezwa kitaalamu mwaka 1893, ingawa joto letu hulisumbua lisipowekwa penye upepo.

Wauza miche ningewaomba wamwambie mnunuzi jina kamili la mmea, naye aliandike kwenye chungu. Paka akishatafuna, mwenye nyumba amtoe mabaki mdomoni, asimlazimishe kutapika, na ampeleke kwa daktari pamoja na jina hilo au kipande cha jani, kwa sababu tiba ya vijisindano si tiba ya figo.