Me au Ke: mstari huchorwa zahanati

Aprili 16, 2025, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba "mwanamke" katika Sheria ya Usawa ya 2010 ni mwanamke wa kibaiolojia. Kesi ilitokana na sheria ya Scotland ya 2018, iliyotaka nusu ya wajumbe wa bodi za umma wawe wanawake. Serikali ya huko iliwahesabu humo pia waliozaliwa wanaume kisha wakapata cheti cha kutambuliwa kama wanawake. Wanaharakati wa For Women Scotland walipinga, wakashinda.

Hapa Mbeya wapo wanaoicheka kesi hiyo kama kioja cha Wazungu, na wapo wanaoifunga kwa neno moja, ushoga, kabla haijajadiliwa. Huo ni uvivu. Sheria zetu nazo zinahesabu wanawake. Katiba inataka wabunge wa viti maalumu wasipungue asilimia 30. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, watatu lazima wawe wanawake. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na 4 kati ya hizo ni za vikundi vya wanawake. Mama anayeuza viazi Mwanjelwa akisubiri mkopo huo ana haki ya kutaka hesabu isichezewe. Kwa hilo wanaharakati wale wana hoja nzito: nafasi iliyotengwa ili kufuta dhuluma inapoteza maana ikiwa haijulikani nani alidhulumiwa. Wodi na mabweni hata sihitaji kuyaeleza.

Ila tafsiri iliyo wazi si kinga. Sheria ya Ndoa ya 1971 inajua vizuri msichana ni nani, na kwa kujua huko inaruhusu aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, huku mvulana akisubiri 18. Mahakama Kuu ilikikataa kifungu hicho 2016, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono 2019.

Upande wa pili husema mstari huo wa kibaiolojia unawaumiza waliobadili jinsia. Mahakama ya Uingereza ilisisitiza kwamba bado wanalindwa dhidi ya ubaguzi, lakini wao wanajua umbali uliopo kati ya hukumu na mlango wa choo. Hoja yao inayonikaa zaidi, hata hivyo, ni ya miili isiyoingia kwenye kisanduku chochote.

Mbeya ilitangulia mwaka 2013 katika mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, taarifa zikitumwa kwa simu. Mtumishi wa zahanati huko Rungwe au Mbarali huandika Me au Ke, na karibu mara zote hakuna utata. Mara chache upo, naye inambidi achague. Kenya iliwahesabu watu wa jinsi tata, yaani waliozaliwa na miili isiyo wazi kuwa ya kiume au ya kike, 1,524 katika sensa ya 2019, kisha ikawataja katika Sheria ya Watoto ya 2022.

Tazama pia mbio za mita 800 za Olimpiki ya Rio 2016: Caster Semenya wa Afrika Kusini, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya, washindi wote watatu, baadaye walizuiwa na kanuni zinazowawekea wanariadha wanawake kikomo cha homoni ya kiume. Walilelewa kama wasichana. Tangu Septemba 2025 chama cha riadha duniani kinadai kipimo cha jeni kwa wanaoshindana upande wa wanawake. Anayesema "tuangalie cheti cha kuzaliwa" hana jibu hapa, kwa kuwa baiolojia yenyewe imekikana cheti.

Ningeuacha mstari kwenye viti, mikopo na mabweni. Riadha ina ugumu wake, siwezi kuumaliza hapa. Ila fomu ya usajili iruhusu sehemu ya jinsi iachwe wazi hadi daktari wa hospitali ya rufaa amwone mtoto, na iwe rahisi kurekebishwa mzazi asizungushwe. Hilo haligusi hata kiti kimoja cha viti maalumu.