Mkurugenzi wa jiji anamwogopa nani?

Mkeka wa wakurugenzi, yaani orodha ya wateule wapya, ukitoka, simu yangu huku Kansas haipumui. Grupu la WhatsApp la tuliosoma pamoja Mzumbe linajaa pongezi: huyu kapelekwa Tanga, yule kahamishwa, mwingine uteuzi wake umetenguliwa na sababu haikutajwa. Natoa hongera kama wenzangu, kisha naingia darasani kuwafundisha vijana wa Kimarekani jinsi meneja wa mji anavyopatikana. Hapo ndipo roho inaponiuma.

Kwa umbo, Tanzania na Marekani tunafanana. Katika miji mingi ya huku meya anaongoza vikao, na maji, taka, barabara na ajira viko chini ya meneja, mtaalamu aliyeajiriwa na baraza. Staunton, Virginia, walianza 1908. Dayton, Ohio, wakafuata 1914, mwaka mmoja baada ya mafuriko kuumaliza mji. Leo hata Phoenix na Dallas zinaendeshwa hivyo. Kwetu nako meya ana joho na mkufu, mkurugenzi ana saini.

Tofauti iko kwenye kumpata na kumwondoa. Huku nafasi inatangazwa, madiwani wenyewe wanawasaili waombaji, na siku wakichoka naye wanapiga kura, anafungasha. Kwetu anateuliwa na Rais. Nimefanya kazi halmashauri, nimeona diwani akiuliza mara ya tatu kwa nini zahanati ya kata yake imeishia kwenye lenta. Simu ya mkurugenzi ikaita, ya kutoka mkoani, akatoka nje, na baraza zima likakaa kumsubiri. Hakuwa mtu mbaya, nasema kwa haki. Alijua tu nani anaweza kumtumbua, na hakuwa yule diwani.

Kuna wanaoniambia, "Kaka, wazungu wana maadili, sisi hatuna." Hapana. Mwaka 2010 iligundulika kwamba meneja wa Bell, kamji ka watu wasiofika 40,000 karibu na Los Angeles, alikuwa akilipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka, mara mbili ya mshahara wa Rais wa Marekani. Madiwani walikuwa wanakula naye, aliishia jela. Na Flint, Michigan, ndiyo inayotuhusu zaidi. Mji ulipoelemewa na madeni, gavana aliuwekea meneja wake, madiwani wakabaki na viti bila mamlaka. Aprili 2014 ili kubana matumizi wakaacha maji ya Detroit, wakaanza kuvuta ya Mto Flint bila dawa ya kuzuia kutu, na madini ya risasi yakatoka kwenye mabomba hadi kwenye vikombe vya watoto. Machi 2015 baraza lilipiga kura 7 kwa 1 kurudi Detroit. Meneja akakataa. Angemwogopa nani, wakati aliyemweka alikuwa Lansing, makao makuu ya jimbo?

Halafu kuna pesa. Mwenye nyumba wa hapa anapata ankara ya kodi ya jengo iliyochanganuliwa: mji kiasi hiki, kaunti kiasi hiki, shule kiasi hiki. Ndiyo maana bibi wa miaka themanini anakuja kikaoni na karatasi yake, anapewa dakika tatu za kumsema meneja kuhusu shimo la barabarani, na meneja anaandika. Kwetu kodi ya majengo ilitoka halmashauri ikaenda TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Unanunua umeme, unapewa yuniti pungufu, unailaani TANESCO. Mkurugenzi humkumbuki kabisa.

Nisilipambe sana la huku. Majirani zangu wengi hawamjui diwani wao kwa sura, wakati kwetu mwenyekiti wa mtaa unamkuta kwenye msiba akigawa sahani. Watu wa kuuliza maswali tunao tele. Lakini nani analazimika kuwajibu?

Ningependa Mwanza au Arusha wajaribu: TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, ichuje sifa, madiwani wasaili na kuajiri kwa mkataba. Watakaosema madiwani watauza nafasi hawakosei kuogopa, Bell ipo. Basi usaili ufanyike hadharani na mshahara ubandikwe ukutani.

Wiki jana kijana mmoja aliyemaliza chuo cha serikali za mitaa cha Hombolo aliniandikia: "Shikamoo mwalimu, nifanyeje niwe mkurugenzi wa jiji?" Mwanafunzi wangu wa hapa ningemtumia tangazo la kazi na tarehe ya mwisho ya kuomba. Huyu nimemwitikia marahaba, na swali lake bado sijalijibu.